Nzuri, Ila

Mkurugenzi wa hospitali kuu, akiwa amesimama nyuma ya kipaza sauti na mbele ya shada la maua ya plastiki, aliutangazia umma kwamba vifaa vyote vya kutuliza maumivu sugu vilivyopandikizwa na hospitali yake, kwa ushirikiano na kampuni rafiki, vinaendelea vizuri. Kwamba wagonjwa wote waliopandikizwa, bila kumbakiza hata mmoja, wamethibitisha kwa vinywa vyao wenyewe kuwa hali zao ni nzuri. Na kwamba hakuna lalamiko lolote lililopokelewa. Ukumbi ukapiga makofi.

Si busara kumtilia shaka mkurugenzi. Taarifa yake ilikuwa kweli tupu, neno kwa neno, na anayetaka kuichunguza ni vyema aanze na kinywa kimojawapo kati ya hivyo vilivyothibitisha. Siku hiyo kilikuwa mstari wa mbele, kimefumbwa kwa nguvu, na mwenye nacho anaitwa Mama Wembe.

Mama Wembe ni kinyozi wa kiume, kwa maana ya kwamba anaowanyoa ni wanaume. Yeye mwenyewe ni mama wa vijana wawili waliokwisha kuota ndevu na kuhama. Duka lake limebanwa kati ya bucha na chumba cha kupigia picha za pasipoti. Lina viti viwili vya kuzunguka, ambavyo kimoja kimekataa kuzunguka, kioo chenye ufa uliozibwa kwa stika, na bilauri kubwa ya maji ya dawa ya buluu ambamo vitana hulala kama samaki waliokata tamaa. Kazi aliirithi kwa baba yake, baada ya kaka zake wote kusema hawawezi kuishi kwa kushikashika vichwa vya watu. Kuhusu jina la Wembe kuna madhehebu mawili. Wapo wanaosema lilitokana na mkono wake, maana ukingo anaouchora kwenye paji la uso utadhani umepigwa rula. Na wapo waliowahi kuketi kwenye kiti chake. Mzee mwenye upara akimwambia, "Hebu nifanye kijana," hujibiwa, "Mimi nanyoa, baba. Sifufui."

Mume wake ni mpaka rangi wa nyumba, mtu mpole, ambaye kazi imemfundisha kukaa mbali na kitu chochote ambacho hakijakauka.

Ulimi wa Mama Wembe una likizo moja tu, nayo ni salamu. Baba yake alimlea kwa kanuni kwamba mtu akikuuliza habari, habari ni nzuri. Kama nyumba inaungua, habari ni nzuri, ila nyumba inaungua. Katika ukoo wao kulikuwa na mjomba aliyetumwa kupeleka taarifa ya msiba. Aliulizwa habari za nyumbani, akasema nzuri. Za watoto? Nzuri. Za kazi? Nzuri. Akapewa maji, akanywa, akafuta midomo, akasema: "Ila shangazi yenu ametutoka." Hakuna aliyemwita mwongo. Kila aliyelelewa anajua kwamba habari zenyewe hukaa baada ya "ila", na yote yanayotangulia ni kuvua viatu mlangoni.

Sasa mgongo. Ukiinama juu ya visogo vya wanaume tangu usichana, mgongo nao siku moja hudai haki yake. Wa Mama Wembe ulidai kwa kutoa pingili iliyobana mshipa. Akapasuliwa, pingili ikatengenezwa, picha zikapigwa, na madaktari wakazitazama picha kwa furaha kubwa. Maumivu hayakuambiwa kuhusu picha. Yakabaki.

"Kati ya sifuri na kumi, utayapa ngapi?" aliulizwa na daktari wa maumivu, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Maumivu yangu hayakusoma hesabu, daktari. Yanafukuta kiunoni, yanashuka pajani yakikereketa, yakifika unyayoni yanachoma kama nimekanyaga pasi. Halafu yanapanda tena kuangalia kama yamesahau kitu."

Daktari aliandika nane.

Ndiye aliyemweleza habari za kifaa. Nyaya mbili nyembamba zingepitishwa ndani ya mgongo, karibu na uti, na betri yenye ukubwa wa saa ya mkononi ingeshonewa chini ya ngozi, juu kidogo ya kalio. Kifaa kingetuma umeme mdogo usio na madhara.

"Chukulia maumivu ni mtu anayepiga simu ubongoni usiku na mchana," alisema daktari. "Kifaa hakimuui huyo mtu. Kinaifanya laini iwe inatumika tu."

"Kwa hiyo yeye bado anapiga?"

"Anapiga, ila hapokelewi."

"Basi kuna ndugu wa mume wangu ningependa awekewe hicho."

Aliwekewa yeye. Na hapa lazima kifaa kipewe haki yake, kwa sababu hasira isiyo na haki ni kelele tu: kilifanya kazi. Kwa miezi kadhaa Mama Wembe alihisi mguuni mnyeo laini kama soda iliyomwagika, na chini ya mnyeo huo, kimya. Alilala usiku kucha, jambo lililomtia hofu mumewe mpaka akawa anamwamsha kuhakikisha yupo. Jioni alijifunga mkanda wa kuchajia, akakaa karibu na soketi, na wateja wakapata la kusema.

"Mama Wembe, leo umejaa?"

"Nimejaa asilimia sabini. Wewe kichwani umejaa ngapi?"

Kisha siku moja aliinama kukiangalia kisogo cha mwenye bucha. Kitu kikampiga teke chini ya mbavu, na teke lilitokea ndani. Mkono ukaruka, mashine ikaruka nayo, na katikati ya kichwa cha mwenye bucha ikafunguliwa barabara kutoka shingoni mpaka utosini, pana, iliyonyooka, yenye kila kitu isipokuwa taa.

Mwenye bucha alijipapasa. "Mama Wembe, hii nini?"

"Mtindo."

"Mtindo gani huu?"

"Mpya."

"Watu wengine wanao?"

"Wewe wa kwanza. Shukuru."

Alivaa kofia mpaka nywele zilipoota. Lakini teke lilirudi. Kila Mama Wembe alipoinama, kifaa kilimpiga mbavuni, alipojinyoosha, kilinyamaza, na mguu, ambao ndio uliokuwa umeombewa msaada wote huo, ukarudia kuungua kama zamani. Akikizima, pasi unyayoni. Akikiwasha, teke mbavuni. Na kazi ya kinyozi ni kuinama. Wateja walivumilia ulimi wake miaka yote, hata wakaja kwa ajili yake, ila hakuna mtu anayeketi na kuinua kidevu mbele ya wembe unaoweza kurushwa na umeme wakati wowote. Walianza kupita dukani wakitazama upande wa pili wa barabara, wakimsalimia kwa mbali. "Habari za leo, Mama Wembe?" Naye, akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe kisichozunguka, alijibu, "Nzuri."

Alikwenda hospitali. Dirishani kulikuwa na muuguzi mnene, mchovu, mwenye huruma iliyoishiwa pumzi. Alitazama kompyuta, akaitazama tena.

"Mama, hapa huna tatizo."

"Hapo wapi?"

"Kwenye mfumo wa kampuni. Wanakupigia simu, siyo? Kila walipopiga, umesema nzuri."

"Mimi?"

"Mgongo, nzuri. Kifaa, kizuri. Simu zote. Hata hii ya juzijuzi."

Mama Wembe alifungua kinywa kumjibu kwa namna iliyompa jina, halafu akakifunga, kwa sababu alikumbuka. Alikuwepo binti wa simu, mwenye sauti tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto, ambaye siku zote alipiga simu wakati Mama Wembe ana mashine mkononi.

"Halo, shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za mgongo?"

"Nzuri tu, ila—"

"Na kifaa?"

"Kizuri, ila huku mbavuni—"

"Asante sana kwa muda wako mama, ubarikiwe."

Na simu ikakatika. Mama Wembe alidhani binti alikuwa akimsalimia. Alikuwa hata amewasifu, akamwambia mumewe: wale watu wa kampuni wana adabu, hawakosi kunijulia hali. Kumbe mwenyewe alikuwa akitoa ushahidi. Binti wa simu aliajiriwa kukusanya majibu, na aliyapata yote kabla ya "ila", akayafungasha, akayatuma huko yanakotumwa. Walichokusanya kutoka kwa wagonjwa wote wa hospitali kuu kilikuwa adabu, na wakaiita utafiti.

"Ile ilikuwa salamu!" alisema Mama Wembe, kwa sauti iliyowafanya watu wa foleni wanyanyue vichwa. "Mtu akiniuliza habari nimjibu nini? Nimtapikie?"

"Mimi nakuelewa, mama," alisema muuguzi. "Mfumo ndio hauelewi. Subiri mtaalamu wa kifaa."

Mtaalamu wa kifaa alikuwa kijana wa kampuni aliyefika hospitalini na begi la magurudumu, nadhifu, mwenye harufu ya nguo iliyotoka kwa dobi. Kwa kuwa aliweza kuwaongoza watu kwa kubonyeza, Mama Wembe alikuwa amempa jina la Rimoti. Alipoingia chumbani aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Habari za mgongo?"

"Nzuri," alisema Mama Wembe.

Lilitoka lenyewe. Alikuja tangu nyumbani akiwa amebeba matusi yaliyopangwa vizuri kama nguo za safari, na mlangoni ulimi ukavua viatu. Rimoti alibonyeza kioo cha kompyuta yake ndogo, na kompyuta ikalia kwa furaha.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimeandika nzuri."

"Futa."

"Mama, mfumo hauruhusu kufuta."

"Nimesema nzuri ya salamu!"

"Hapa kuna nzuri, wastani na mbaya. Nzuri ya salamu haipo."

"Aliyeutengeneza kwao hawasalimiani?"

"Umetengenezwa ng'ambo, mama."

"Na wewe ulizaliwa ng'ambo? Mama yako akikuuliza habari unamjibu wastani?"

Rimoti alitabasamu tabasamu la kampuni. Lakini hakuwa mtu mbaya, na kazi aliijua. Alimwambia ainame, akabonyeza, umeme ukahama kutoka mbavuni mpaka kwenye kitovu, tumbo la Mama Wembe likaanza kucheka peke yake bila kichekesho. Alibonyeza tena, akabadilisha, akarudisha. Mwishowe aliweka kompyuta yake chini.

"Waya umehama," alisema. "Kidogo tu, kama upana wa ukucha. Hutokea. Ukirudishwa mahali pake, au ukiwekwa mpya, utakuwa kama zamani."

"Haya. Andika hivyo."

"Siwezi, ukurasa wa leo umeshajifunga. Umesema nzuri."

Daktari mwembamba aliitwa. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Alieleza kwamba kuutoa waya anaweza hata kesho. Kuurekebisha ni jambo jingine: lazima awe na waya mpya mkononi kabla hajafungua mgongo, na waya mpya hutolewa na kampuni, na kampuni huutoa kwa mgonjwa mwenye tatizo.

"Mimi nina tatizo!"

"Kwa macho yangu unalo. Kwa kumbukumbu zao hunalo."

"Sasa nifanye nini? Nife kwanza, halafu mniulize habari?"

Hapo Rimoti alipata wazo, akalitoa kwa kunong'ona kama mtu anayetoa siri ya ofisi. Hafla ilikuwa inakuja. Mkurugenzi mwenyewe angemhoji mgonjwa mmoja mbele ya watu, na jibu lolote litakalotolewa pale litaingizwa, maana wakubwa wa kampuni watakuwepo. "Na mgonjwa huyo ni wewe, mama. Umechaguliwa. Rekodi yako ndiyo nzuri kuliko za wote."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Mbele ya kipaza sauti Mama Wembe angeulizwa habari. Akisema mbaya, waya ungeletwa, naye angerudi kuinama juu ya visogo vya wanaume. Akisema nzuri, basi. Riziki yake, usingizi wake na mguu wake vilining'inia kwenye neno moja ambalo hakuwahi kulitamka kwa mtu aliyemsalimia.

Mazoezi yalianza nyumbani. Mumewe alisimama mlangoni mwa jiko akiwa na ovaroli yenye rangi za nyumba za watu wote.

"Habari za asubuhi, mke wangu?"

"Nzu— mbaya!"

"Taratibu. Umenirukia kama mbwa."

"Rudia."

"Habari za asubuhi?"

"Mbaya."

"Jamani," alisema mumewe, na uso wake ukasinyaa kweli. "Nimekukosea nini?"

"Si wewe! Tunajifunza!"

"Najua. Lakini inauma."

Kesho yake alilijaribu neno barabarani. Mwenye bucha alikuwa anafungua mlango wake, akamwuliza kwa mazoea habari za asubuhi, naye akasema waziwazi, akimtazama machoni: "Mbaya." Mwenye bucha aliangusha funguo. Hakuuliza zaidi, kwa kuwa mtu anayejibu hivyo hahojiwi, hufarijiwa. Alifunga bucha. Kabla ya mchana majirani walikuwa wamejaa sebuleni kwa Mama Wembe, wamekaa kimya, wengine wamebeba viti vyao, mmoja ameshaanza kulia ili asichelewe. Mpiga picha za pasipoti alimvuta mume pembeni na kumwuliza kwa upole kama wanayo picha ya marehemu iliyo wazi, au aikuze ya kitambulisho.

"Marehemu gani?" aliuliza mume.

"Hatujui bado. Tunasubiri mtuambie."

Mama Wembe aliwafukuza wote kwa maneno ambayo hayakuhitaji mazoezi. Lakini usemi ulikuwa umemkaa: neno lilikuwa linatamkika. Alivaa gauni lake la kijani la harusi za watu, akazima kifaa ili kisimpige mbele za wakubwa, akabeba pasi yake unyayoni, akaenda ukumbini.

Alikaa mstari wa mbele pamoja na wagonjwa wenzake. Walikuwa wameketi kwa namna mbalimbali, kila mmoja akiwa amelitwika kalio moja kazi zaidi kuliko lingine. Mkurugenzi akasoma taarifa yake, ile tuliyokwisha kuiheshimu. Makofi yakapigwa. Kisha akamwita Mama Wembe jukwaani, akamshika mkono kupanda ngazi, kwa sababu alikuwa muungwana, na akamgeuzia kipaza sauti.

Mama Wembe alikuwa tayari. Alilishika neno "mbaya" kati ya meno kama pini. Alisubiri "habari".

"Mama yetu," alisema mkurugenzi kwa tabasamu, "hujambo?"

Hakuna aliyemwandaa kwa hujambo.

"Sijambo," alisema Mama Wembe.

Ukumbi ulilipuka. Wakubwa wa kampuni walisimama. Rimoti, kwenye kona, alibonyeza huku ameinamisha uso. Mkurugenzi alikuwa ameshaanza kukirudisha kipaza sauti upande wake alipogundua kwamba hakirudi. Kilikuwa kimeshikwa na mkono uliozoea kushika vichwa visivyotaka kutulia.

"Ila," alisema Mama Wembe.

Ndipo jambo likatokea ambalo halikuwa kwenye ratiba. Mstari wa mbele ulicheka. Walicheka kicheko kifupi, kikavu, cha watu wanaolijua neno hilo kutoka ndani, na mzee mmoja mwenye fimbo akasema kwa sauti, "Ehee! Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaisubiri. Iseme, dada!"

"Ila waya umehama," alisema. "Ila kikiwashwa kinanipiga mbavu, kikizimwa nachomeka mguu. Ila nimemchonga mtu barabara kichwani. Mmetupigia simu, mmetusalimia, tukawajibu kama watu, nanyi mkaondoka na salamu zetu mkaziuza kwa jina la matokeo! Nani amewaambia 'nzuri' ni jibu? Hamna mama nyumbani? Hamjawahi kufiwa? Waulizeni hawa. Waulizeni, halafu msikate simu!"

"Mimi betri haijai," alisema mzee wa fimbo.

"Mimi yangu imegeuka, inachomoza," alisema mwanamke wa pembeni yake.

Lakini hayo hayakusikika mbali, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kimezimwa, na muziki, uliopangwa kupigwa wakati wa vinywaji, ulikuwa umeanza mapema. Mama Wembe aliendelea bila kipaza sauti. Watu walimwona akisema, mkono ukikata hewa, na waliokaa nyuma walidhani anaimba. Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa kwa makini. Kisha akampa mkono.

"Tumekusikia, mama," alisema.

Mama Wembe alirudi nyumbani na maneno hayo, akayaweka sebuleni, akayasubiri yafanye kazi. Waya haukuja. Alipokwenda kuuliza, muuguzi alimsomea jibu la kampuni huku akiepuka macho yake. Kampuni ilishukuru kwa maoni yaliyotolewa katika hafla. Ilikumbusha kwamba malalamiko hupokelewa kwa njia ya simu peke yake, ili kila mgonjwa atendewe sawa. Na kwenye simu, kumbukumbu zilionyesha kwamba mgonjwa hajambo.

"Alichosema pale jukwaani, je?" aliuliza mume, aliyekuwa amemsindikiza. "Si Rimoti alisema kitaingizwa?"

Muuguzi alitazama kompyuta. "Kimeingizwa. Hapa. 'Sijambo.'"

Mume wa Mama Wembe hajawahi kusikika akipandisha sauti. Huko nyuma walikuwa wakisema hata brashi yake haisikiki ukutani. Siku hiyo alipiga kiganja juu ya dirisha la muuguzi mpaka kalamu zikaruka, akasema, "Mnatufanya wajinga kwa sababu tuna adabu!" Kisha, kwa kuwa hakuwa amezoea, aliziokota kalamu.

Mama Wembe alikwenda moja kwa moja kwa daktari mwembamba.

"Ulisema kukitoa unaweza."

"Naweza. Lakini mama, kifaa chenyewe ni kizima. Ni waya tu. Upana wa ukucha."

"Najua. Na ndiyo maana nataka kitoke, kabla sijaanza kukichukia kitu ambacho hakina kosa. Nimechoka kubeba mgeni ambaye wenyeji wake hawapokei simu."

Daktari alikitoa wiki iliyofuata. Alifanya kazi safi, akashona kwa uzi mwembamba, na hakumtazama usoni alipomwambia kwamba kwa kawaida kifaa hurudishwa kampuni.

"Kilikuwa ndani yangu," alisema Mama Wembe. "Wakikitaka, wanipigie simu."

Akapewa, kimeoshwa, kwenye mfuko wa karatasi.

Siku hizi ananyoa akiwa ameegemeza goti la mguu mbovu juu ya stuli ndefu ambayo mumewe ameipaka rangi ya njano iliyobaki kwenye kazi ya mtu. Ananyoa vichwa vichache, polepole. Yule mpigaji simu amerudi kwenye laini, usiku na mchana, na anapokelewa. Lakini mkono hauruki, na wateja, ambao ni watu wa kusamehe ilimradi shingo zao ziko salama, wameanza kurudi kwenye kiti kinachozunguka.

Mwenye bucha ndiye aliyekuwa ameketi pale simu ilipolia. Mikono ya Mama Wembe ilikuwa na povu, kwa hiyo mteja ndiye aliyeibonyeza na kumwinulia, kidevu chake kikiwa cheupe mpaka masikioni.

"Halo, shikamoo mama," ilisema sauti tamu. "Habari za kifaa?"

"Ila kimetolewa!" alisema Mama Wembe. Safari hii alikuwa ameanzia mwisho. "Ila waya ulihama hamkuleta mwingine! Ila mguu unachoma, ila usiku silali, ila nimesimama hapa kwa goti kama korongo! Umesikia hizo zote? Andika moja baada ya nyingine, nitakungoja!"

Ilisikika sauti ya vidole vinavyotafuta mahali pa kubonyeza.

"Samahani, mama. Swali ni la kifaa. Siyo la mguu. Kifaa ni kizuri, wastani, au kibaya?"

Mwenye bucha aligeuza macho kumtazama, bila kusogeza kidevu. Mama Wembe alisimama na wembe mkononi, akipumua. Kisha akatazama rafu chini ya kioo, kwa sababu pamoja na yote alilelewa kujibu anachoulizwa.

"Kizuri," alisema.

"Asante sana, mama. Ubarikiwe."

Na ni kweli. Kimo kwenye bilauri pamoja na vitana, ndani ya maji ya buluu, na hakijaota hata kutu.